Dau Lililowekwa Mapema

Mume wangu Des ana ugonjwa wa kusubiri. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mchoma tanuri katika viwanda vya kauri hapa Stoke, Uingereza, na kazi ya mchoma tanuri ni kukaa mbele ya mlango wa chuma usiofunguliwa mpaka muda wake ufike. Ukiufungua mapema hewa baridi inaingia, sahani elfu mbili zinapasuka, na wewe unaenda kutafuta kazi nyingine. Alipostaafu akagundua mnada wa mikopo kwenye mtandao, akajiona amerudi kazini.

Mnada wenyewe si mgumu kuuelewa. Mwenye biashara ndogo anahitaji pesa, benki imemzungusha mpaka amechoka, basi anaingia kwenye tovuti na kusema nataka kiasi fulani. Watu wa kawaida kama sisi, wastaafu, walimu, madereva wa mabasi, kila mmoja anaweka dau lake: mimi nitatoa pauni ishirini kwa riba ya kumi, mimi mia kwa riba ya tisa. Siku kumi na nne zinapita hivyo. Kiasi kikitimia, wenye riba ndogo wanabaki na wenye riba kubwa wanatupwa nje mmoja mmoja mpaka saa ya kufunga. Kisipotimia hakuna mkopo, na kila mtu anarudishiwa chake. Dau ukishaliweka, huwezi kuliondoa.

Ndiyo maana wazoefu hawaweki mapema. Ukiweka mapema umewaonyesha wenzako riba yako, nao wanakuja chini yako kidogo na kukutoa. Des alikuwa na sheria yake, ameiandika kwa wino mwekundu na kuibandika juu ya kompyuta: SI KABLA YA DAKIKA SABA ZA MWISHO. Kidole chepesi ni changu, maana nimepaka maua kwenye vikombe tangu nina miaka kumi na tano, kwa hiyo yeye hutaja riba na mimi hubonyeza. Tulikwenda hivyo miaka miwili, pauni ishirini hapa, arobaini pale, hatukuwahi kuzidisha mia mahali pamoja. Sikatai, nilikuwa naufurahia ule mchezo. Zile dakika saba moyo wangu ulikuwa ukienda mbio kama wa msichana anayesubiri kuombwa kucheza dansi.

Mwaka huo, 2013, ukaja mnada wa Tunnicliffe.

Tovuti haikutaja jina. Iliandika tu: watengenezaji wa vyombo vya kauri, Staffordshire, wafanyakazi kumi na tisa, wanaomba pauni elfu arobaini na nane za tanuri jipya la umeme. Hatukuhitaji jina. Binti yetu Gaynor alikuwa amebandika vishikio vya vikombe kwa Tunnicliffe kwa miaka ishirini na mbili, na tanuri lao la zamani tulizijua tabia zake zote kwa kusimuliwa. Tangu Krismasi lilikuwa linaunguza upande mmoja na kuacha mwingine mbichi. Gaynor alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mume hana tena, nyumba nusu yake na nusu ya benki, na kazi anayoijua ni ile moja. Viwanda vilivyobaki mjini kwetu unavihesabu kwa vidole na vidole vinabaki. Tanuri lisingepatikana, Gaynor angekuwa nje, na mwanamke wa umri ule anayejua kubandika vishikio tu hakuna anayemngojea mlangoni.

"Hapa tutaweka zote," Des aliniambia.

Zote maana yake pauni elfu tatu tulizopata kwa kuuza karavani, ile nyumba ya magurudumu ya kaka yake Kenneth, aliyefariki mwezi wa pili. Nilishangaa. Des hajawahi kuweka zote popote, hata chumvi.

"Ila mwisho," akasema. "Alhamisi, saa saba kasoro dakika saba. Wakati huo riba itakuwa imesimama juu kwenye kumi na moja, sisi tunaingia na kumi nukta tisa. Tunamsaidia mtoto na sisi wenyewe tunakula."

Nikasema sawa. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu baadaye nilimsema sana kana kwamba lilikuwa wazo lake peke yake.

Alhamisi tulikaa mbele ya kompyuta tangu saa nne asubuhi, chai kwenye birika, chapati za shayiri zenye jibini na nyama ya nguruwe kwenye sahani. Mnada ulikuwa unafungwa saa saba mchana. Namba kwenye skrini ilisema asilimia hamsini na saba, na haikuwa inacheza.

"Kimya kizuri," Des akasema, akijipangusa mafuta kidevuni. "Wote wapo. Nawasikia wakipumua."

Saa tano na dakika kumi simu ikalia. Gaynor, ananong'ona.

"Mama, mnaiangalia?"

"Tunaiangalia. Uko wapi, mbona sauti hivyo?"

"Niko stoo ya maboksi. Mama, iko hamsini na saba. Jana ilikuwa hamsini na sita. Mzee amekata tamaa."

"Tunnicliffe?"

"Sasa mzee gani mwingine? Yule bwana wa Leicester anayetaka kukinunua kiwanda amekuja na wakili wake, wako ofisini wanakunywa chai. Anataka jina na kiwanja, basi. Jina atalipiga muhuri chini ya vyombo atakavyoleta kutoka nje, kiwanja atajenga fleti. Mzee ametuita wote asubuhi. Amesema isipofika tisini saa sita kamili, anatia sahihi."

"Saa sita? Mnada unafungwa saa saba, Gaynor."

"Anasema kitu kilichokaa siku kumi na nne hakijafika sitini hakiwezi kujaa kwa saa moja. Na yule bwana amesema akiondoka leo harudi."

Yule mzee hakujua. Wiki mbili nzima alikuwa akitazama namba ile asubuhi na jioni, akidhani Uingereza yote imekipima kiwanda cha babu yake na kukiona hakifai. Hakuna aliyemwambia kwamba watu anaowangoja wako pale pale, mamia yao, kila mmoja na kidole chake, kila mmoja na dakika zake saba. Nikamtazama Des. Des akatazama skrini. Na sisi je? Mtoto ni wetu, kiwanda ndicho kazi yake, na pesa tumezikalia.

"Mwambie watu wanasubiri dakika za mwisho," nikamwambia Gaynor.

"Nimemwambia. Amesema asante Gaynor, rudi kazini."

Nilipokata simu sikuzunguka. "Weka sasa hivi," nikamwambia Des.

"Sasa hivi ni saa tano na robo."

"Saa najua kuisoma."

"Tukiweka sasa tunaifikisha sitini na tatu. Sitini na tatu si tisini, Avril. Tutakuwa tumetoa siri, tumefunga pesa, na mzee atatia sahihi vile vile."

"Atakuwa ameona kitu kimesogea."

"Tanuri halifunguliwi kwa sababu mtu ana wasiwasi."

"Tunnicliffe si tanuri. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, amekaa na wakili, anatazama saa."

"Na hesabu je? Hesabu inasema nini?"

Hesabu ilikuwa upande wake, na hilo ndilo lililonipandisha hasira. Miaka arobaini na mitano ya ndoa na bado sijazoea jinsi mtu huyu anavyoweza kuwa sahihi wakati usiofaa kabisa. Nikanyanyuka, nikazunguka jikoni, nikafungua friji bila sababu. Ndani kulikuwa na mkate wa jana wenye lebo ya njano ya nusu bei. Nikasimama nikiutazama na mlango wa friji uko wazi, mpaka Des akaniuliza kama nataka kupoza nyumba nzima.

Nikarudi, nikapiga simu ofisini kwa Tunnicliffe. Alipokea mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliye msibani.

"Bwana Tunnicliffe, mimi Avril Colclough, mama yake Gaynor."

"Bi Avril. Samahani, niko kwenye kikao."

"Najua uko na nani. Kompyuta iko mbele yako?"

"Iko. Inasema hamsini na saba. Leo nimeisoma mara mia."

"Mkeo ananunua mkate saa ngapi?"

"Unasemaje?"

"Mkate. Mimi na Bi Muriel tunakutana pale supamaketi karibu kila Jumatano jioni. Kwa nini haendi asubuhi?"

Akakohoa kidogo. Ni mtu mwenye haya, na mkewe ni mke wa mwenye kiwanda. "Nadhani huwa anangoja wabandike zile lebo za njano."

"Haswa. Na ukipita pale mbele ya mikate robo saa kabla ya lebo, unaona nini? Huoni mtu. Utasema mji huu umeacha kula mkate. Kumbe tumejificha kwenye rafu za sabuni, mimi na mkeo na nusu ya mtaa, tunajifanya tunasoma maandishi ya sabuni. Yule binti wa dukani akitokea na mashine yake ya lebo, tunatoka sote kwa mpigo. Sasa watu wako wamejificha kwenye sabuni, Bwana Tunnicliffe. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Wanangoja waone riba imeishia wapi, halafu waingie dakika za mwisho."

"Maneno mazuri, Bi Avril. Lakini mimi nina watu kumi na tisa, na huyu bwana angalau anawapa mshahara wa miezi miwili wa kuondokea."

"Mmoja wa hao kumi na tisa ni mwanangu," nikasema, na sauti ikanisaliti, ikapasuka katikati. "Na mimi mwenyewe niko kwenye sabuni. Nimekalia pauni elfu tatu wiki nzima, nangoja riba inoge. Naona aibu hata kukwambia."

Nikaziba simu kwa kiganja, nikamgeukia Des. Des alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, na mkono wake ulikuwa juu ya kichwa chake chenye upara, kama anavyofanya kila akimfikiria Kenneth. Karavani ile waliinunua pamoja, wakaipaka rangi pamoja, wakagombana ndani yake kila Agosti.

"Tisa nukta nane," akasema polepole. "Zote."

Nikabonyeza.

"Bwana Tunnicliffe, fungua ukurasa upya."

Nikasikia kibonyezo chake. Nikasikia pumzi yake. "Sitini na tatu," akasema.

"Huyo ni mimi. Nimetoka kwenye sabuni peke yangu, watu wote wananitazama. Na pesa zile siwezi kuzichukua tena. Nakuomba usitie sahihi saa sita. Nipe mpaka saa saba kasoro dakika kumi."

Kwa nyuma sauti ya mwanamume ikauliza kama tunaendelea au la. Tunnicliffe akaagiza, "Waongezeeni chai." Halafu akanirudia. "Kasoro kumi, Bi Avril. Siwezi kuzidisha."

Niliweka simu chini, nikajiona mwanadiplomasia. Des alikuwa ananitazama kama mtu aliyeona gari linarudi nyuma kuelekea ukutani.

"Kasoro kumi," akasema.

"Ndiyo. Amekubali."

"Watu wanaingia kasoro saba."

Nikatazama saa ya ukutani.

"Kwa nini hukusema saa saba kamili?"

"Sikutaka kuonekana naomba sana."

"Avril. Umemwomba mtu aache kuuza kiwanda, halafu dakika kumi za mwisho ukaona haya kuziomba?"

"Nilitaka kuwa na adabu," nikasema, na hapo nikatamani ardhi inimeze. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikuuliza unataka vipande vingapi vya keki, unasema kimoja, hata kama hujala tangu jana. Nikataka kumpigia tena, Des akanizuia. Alisema mzee wa namna ile ukimsumbua mara mbili anatia sahihi ili tu simu iache kulia. Hapo pia alikuwa sahihi, na hapo pia nilimchukia.

Saa sita ikapita, namba ikiwa sitini na nne. Saa sita na robo, sitini na sita. Des alikwenda bustanini akarudi, akaenda tena akarudi. Saa sita na nusu, sabini. Mvua ikaanza, nguo zilikuwa kwenye kamba, hakuna aliyezigusa. Saa saba kasoro ishirini, sabini na nne. Nilikuwa nafungua ukurasa upya kila baada ya sekunde chache, na kila mara niliogopa kukuta umepotea, maana mkopaji akijitoa ukurasa unafutwa hapo hapo.

Kasoro kumi na mbili, themanini na moja.

Kasoro kumi, themanini na nane.

Nilimwona waziwazi akichukua kalamu. Nilimwona Gaynor akivua aproni. Nilianza kuomba, mimi ambaye kanisani naenda kwa harusi na mazishi tu. Des alikuwa amenishika bega na ananiumiza, na sikumwambia aache.

Kasoro tisa, tisini na moja. Ukurasa upo.

Kasoro nane, tisini na tatu. Ukurasa bado upo.

"Kwa nini upo?" nikauliza.

"Usiulize," Des akasema. "Fungua tena."

Kasoro saba wakatoka kwenye sabuni. Sijui njia nyingine ya kulisema. Tisini na tatu ikawa mia moja, nikafungua tena ikawa mia na kumi na tisa, nikafungua tena ikawa mia na arobaini. Mkopo ulikuwa umejaa na watu bado wanasukumana mlangoni. Des alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, si kicheko na si kilio, akakaa sakafuni juu ya zulia, mtu mzima mwenye magoti mabovu. Mimi niliegemea kiti, nikatazama dari, nikagundua kwamba tangu saa tano sikuwa nimevuta pumzi hata moja ya maana.

Kisha riba zikaanza kushuka. Kumi nukta nne wakatupwa, kumi wakatupwa. Saa saba kasoro dakika mbili yakatokea maandishi mekundu juu ya dau letu: umezidiwa. Tisa nukta nane yetu ilikuwa imekuwa kubwa mno. Pauni elfu tatu zote zikarudi kwenye akaunti yetu, hata moja haikubaki kwenye tanuri la Tunnicliffe.

Zilibaki dakika mbili, dakika ambazo Des amezisubiri maisha yake yote. Angeweza kusema nane kamili, nami ningebonyeza, tungekuwa ndani. Nilimtazama pale chini.

"Tuingie tena?" nikamuuliza.

"Waache," akasema. "Wanatosha."

Na akanyoosha miguu yake kwenye zulia kama mtu aliye ufukweni, mpaka saa saba ikagonga na mnada ukafungwa kwa riba ya nane nukta tatu.

Gaynor alipiga simu baada ya dakika tano. Kelele za nyuma zilikuwa kubwa mpaka nikaweka simu mbali na sikio. Watu walikuwa wanagonga meza kwa kitu fulani, natumaini si sahani.

"Mama, hakutia sahihi."

"Tumeona, mwanangu. Lakini vipi? Kasoro kumi ilikuwa themanini na nane. Tisini haikufika."

"Alikwenda chooni."

"Nani?"

"Mzee. Kasoro kumi na moja alisimama, akamwambia yule bwana samahani kidogo, akaingia chooni, akafunga. Mimi nilikuwa nje ya mlango na simu, namsomea namba. Kasoro kumi nikamwambia themanini na nane, akasema siwezi kutoka, tumbo limenishika. Kasoro nane wakili akaja kugonga, akasema tumbo limezidi. Nilipomwambia mia moja hakusema kitu, mama. Nilisikia tu anavuta maji." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati ya njia, nikamsikia analia. Nikamwacha alie. Nami nililia, na Des alikuwa anajifanya anatafuta miwani yake chini ya meza.

"Mwambie mzee nimesema asante," nikasema nilipoweza.

"Yeye ndiye anayesema asante. Amesema Jumatano hii Bi Muriel atanunua mkate asubuhi, kwa bei kamili." Akapenga kamasi. "Na ninyi mmebaki na kiasi gani ndani?"

"Hakuna kitu. Tumetupwa nje."

"Zote?"

"Zote. Tuliingia mapema mno."

"Pole, mama."

"Usinipe pole," nikamwambia. "Leo usinipe pole kabisa."

Kisha nikasikia mtu anamwita, na mkanda wa mashine ukaanza kuzunguka.

"Nikate, mama," akasema. "Kuna vikombe mia nne hapa havina vishikio."

Akakata, nikamwacha aende kazini.